Vidukari kwenye mawaridi ya roshani: anza na sisimizi, sabuni baadaye

Swali: Nina miwaridi minne ndani ya vyungu, roshani ya ghorofa ya pili, Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Tangu masika yaishe, matumba yamejaa vidudu vya kijani, na majani ya chini yananata na kuwa meusi. Kuna pia vitu vyeupe vidogo vidogo kama pumba. Jirani alinishauri nipulizie maji ya sabuni ya unga. Nilitumia maji ya kisima, majani yakaungua kingo na vidudu bado vipo. Sitaki sumu, kwa sababu nina mtoto mdogo na paka wawili, na mama huchuma mawaridi hayo kwa vikuba, vile vishada vya maua na mrehani vya kujipamba. Nifanyeje?

Jibu: Dada yangu, hao ni vidukari, na nimefurahi kwamba umeuliza kabla hujakimbilia dukani. Vile vyeupe visikutie wasiwasi. Si mayai, wala si ugonjwa. Kidukari hujivua ngozi mara nne kabla hajakomaa, na ngozi hizo hubaki zimenasa juu ya majani. Ukitaka uhakika, tikisa tawi. Vikiruka na kuzagaa hewani, hao ni nzi weupe na shauri lao ni jingine. Visiporuka, ni ngozi tupu. Weusi wa majani nao ni ukungu unaoota juu ya majimaji matamu wanayodondosha vidukari. Hauingii ndani ya jani. Ufute kwa kitambaa kibichi utatoka, na vidukari wakipungua hautarudi.

Kidukari hutoboa pale penye ulaini, yaani shingo ya tumba, ncha ya chipukizi na upande wa chini wa jani changa, akafyonza utomvu. Utomvu una sukari tele na virutubisho vya kujenga mwili vichache, kwa hiyo inambidi afyonze mwingi, na sukari inayomzidi huitoa nyuma. Ndiyo inayonata kwenye majani yako. Katika joto letu la Pwani majike hawahitaji dume. Huzaa watoto hai, majike watupu, na watoto hao huzaliwa wakiwa tayari wameanza kubeba wa kwao tumboni. Kitoto hukomaa kwa siku 7 hadi 10. Kwa hiyo ukipulizia mara moja ukaacha, hata upulizie nini, waliosalia wachache chini ya jani wanatosha kuujaza mti tena ndani ya wiki mbili.

Sasa tuseme juu ya sabuni, maana jirani yako hakukosea sana. Maji ya sabuni kweli huua vidukari: huvunja ule utando laini unaoufunika mwili wa mdudu, na mdudu akakauka. Kilichokuharibia ni vitu viwili. Kwanza, sabuni ya unga ya kufulia si sabuni halisi. Ina kemikali za kuondoa madoa na chumvi zinazounguza majani, ndiyo maana kingo zimekauka. Pili ni maji, na hili ni tatizo la Mombasa hasa. Visima vyetu vya kisiwani vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na bahari haiko mbali, kwa hiyo maji huwa magumu na mara nyingi yana chumvi. Tia maji hayo kwenye chupa safi ya plastiki, ongeza vipande vichache vya sabuni ya mche, tikisa kwa nguvu. Badala ya povu utaona vijidonge vyeupe vikielea na ukoko ukigandia kwenye chupa. Sabuni imeshikana na chokaa ya maji, haina nguvu tena ya kuua hata kidukari mmoja, na chumvi imebaki ili iunguze majani.

Tumia maji ya mvua kama uliyakinga wakati wa masika. Kama hukukinga, weka ndoo chini ya bomba la AC. Maji yanayodondoka pale ni unyevu wa hewa uliogeuka maji, hayana chokaa wala chumvi, na kwa kuchanganyia sabuni ni mazuri sana. Maji ya mitungi ya mkokoteni usiyaamini kabla hujayajaribu kwenye chupa, kwa sababu mengine ni ya kisima vilevile.

Lakini sabuni nimeiweka nyuma kwa makusudi. Kabla hujachanganya chochote, inama uangalie shina la kila mwaridi, kuanzia kwenye udongo kwenda juu. Naamini utakuta msafara wa sisimizi. Wengi huwaona wakadhani wamekuja kuwala vidukari. Hawali; wanawachunga. Sisimizi humgusagusa kidukari kwa vipapasi, kidukari akatoa tone la majimaji matamu, sisimizi akalinywa na mengine akayapeleka nyumbani. Ili asipoteze chakula hicho, humfukuza au kumuua kila mdudu anayekuja kuwinda vidukari, na mara nyingine huwabeba vidukari wenyewe akawahamishia kwenye chipukizi jipya. Kama kuna tawi la mwembe linalogusa roshani, angalia pia majimoto, wale wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Hao ni walinzi wakali kuliko wote. Maadamu sisimizi wana njia ya kupanda, utapulizia hadi uchoke.

Wewe una bahati kwamba miti yako imo ndani ya vyungu. Zamani, na nyumba nyingine hadi leo, miguu ya kabati la chakula ilisimamishwa ndani ya makopo ya maji ili sisimizi wasifikie sukari. Fanya hivyo hivyo. Weka tofali au jiwe ndani ya beseni pana, simamisha chungu juu yake, jaza maji yasifike kwenye tundu la chini la chungu. Tawi lisiguse ukuta, lisiguse kamba ya kuanikia nguo, lisiguse chungu kingine ambacho hakimo ndani ya maji. Sisimizi hutumia daraja lolote watakalolipata. Ila maji hayo yatie sabuni kidogo, na uyamwage na kuyabadilisha kila baada ya siku 3 au 4. Mombasa imeshapigwa na homa ya dengi zaidi ya mara moja, na mbu wanaoieneza huzaliana katika maji madogo ya namna hiyo yaliyotuama nyumbani. Kama utasahau kuyabadilisha, acha beseni kabisa, upake vaselini au grisi kuzunguka chungu kwa nje, chini ya ukingo, upana wa vidole viwili. Usipake kwenye shina lenyewe. Vumbi likijaa juu yake, futa upake upya.

Jambo moja la kuchunguza kwanza: kiota kinaweza kuwa ndani ya udongo wa chungu chenyewe, na hapo kizuizi kitawafungia sisimizi ndani pamoja na mifugo yao. Mwagilia ukitazama. Wakitoka mbio wamebeba vitu vyeupe mdomoni, ndipo wanapoishi. Tia chungu kizima kwenye karai kubwa, jaza maji mpaka yafunike udongo, ukiacha kijiti kimelazwa kutoka kwenye udongo hadi nje ya karai. Watapanda kwa kijiti hicho na watoto wao. Baada ya nusu saa toa chungu, kiache kichuje vizuri, kisha ndipo uweke kizuizi.

Sisimizi wakishazuiwa, osha miti. Shika chipukizi kwa mkono wa kushoto ukilikinga kwa kiganja lisivunjike, na kwa mkono wa kulia lipige kwa maji ya mpira. Kama maji yenu hayana nguvu, na najua mitaa mingi ya Mji wa Kale maji huja kwa zamu, jaza bakuli, inamisha tawi mpaka tumba lizame, kisha pitisha vidole taratibu kutoka chini kwenda juu huku ukilitikisa. Vidukari wengi wataelea. Kidukari asiye na mabawa akishang'olewa pale alipochoma mdomo, ni nadra kupata njia ya kurudi juu, hasa kama sisimizi hawapo wa kumbeba. Chipukizi lililokwisha jikunja na kufunikwa kabisa, likate ulitie kwenye maji ya sabuni, usiliache chini ya chungu. Rudia kuosha kila baada ya siku 2 au 3, kwa muda wa wiki mbili.

Fanya kazi hii asubuhi, saa moja au saa mbili, ili majani yakauke mapema. Hewa yetu ni nzito kwa unyevu, na ugonjwa wa madoa meusi wa waridi hupenda jani lililokaa na maji kwa saa nyingi. Ukiosha usiku utafukuza vidukari ukaribishe madoa. Kuosha huku kuna faida nyingine pia: pepo za kusi huleta chumvi ya bahari mpaka kwenye majani, nayo huondoka.

Baada ya hapo nakuomba subira, na ndiyo ngumu kuliko yote. Usipulizie kitu chochote kwa siku 10 hivi. Kila asubuhi chukua tawi moja ulikague kwa karibu, na kama una miwani ya kusomea, ivae. Unatafuta kidukari mmoja aliyevimba, mviringo, wa rangi ya hudhurungi, ngozi yake imekauka na kung'aa, naye hatikisiki hata ukimgusa. Huyo alitagwa yai ndani na nyigu mdogo sana, asiyeweza kumuuma mtu. Kitoto cha nyigu kimemla kutoka ndani. Angalia vizuri mgongoni: ukiona tundu la duara lililokatwa safi, nyigu mpya keshatoka na anatafuta wengine. Ukiwaona watano au sita kama hao kwenye tawi moja, weka chupa chini. Kazi imeanza na wewe huhitajiki.

Wengine wa kuwalinda ni wale mbawakawa wadogo wa mviringo. Sote tunamjua yule mwekundu mwenye madoa meusi, lakini huku kwetu wapo pia wa rangi ya chungwa au manjano wenye michirizi meusi, na kazi yao ni moja. Mkubwa hula vidukari kwa makumi kwa siku. Watu wengi humpenda mkubwa wakamuua mtoto wake, kwa sababu hafanani naye hata kidogo: ni mrefu, mweusi au wa kijivu, ana mabaka ya rangi ya chungwa na miguu sita, anakimbia juu ya jani na anatisha kidogo. Mwache. Mayai yao ni ya manjano, yamesimamishwa wima kwa kundi chini ya jani. Utamwona pia funza wa kijani asiye na miguu, anajivuta kati ya vidukari. Huyo ni mtoto wa nzi anayeelea hewani mbele ya maua, mwenye mistari ya manjano na meusi kiunoni. Naye mwache.

Hawa hawataki sumu yako, wanataka maua madogo yenye poleni na asali. Panda mrehani katikati ya vyungu na uuache uchanue badala ya kuukata kila mara. Panda na kotmiri, ukiacha mashina machache yatoe maua. Husemwa kwamba harufu ya mrehani huwafukuza vidukari; mimi sikupi mrehani kwa ajili hiyo. Nakupa kwa ajili ya maua yake, ambayo nyigu na nzi hao huyafuata, na mama atapata wa kutia kwenye kikuba.

Wiki mbili zikipita na bado shingo za matumba zimefunikwa, sasa ndiyo saa ya sabuni. Kwaruza gramu 10 za sabuni ya mche isiyo na rangi wala manukato, iyeyushe katika lita 1 ya maji laini ya vuguvugu, iache ipoe, ichuje. Jaribu tawi moja, ungoje siku nzima. Likiwa salama, pulizia jioni jua likishapungua makali, juu na chini ya majani, mpaka yalowe, kwa sababu sabuni humuua yule tu iliyemgusa ikiwa mbichi. Ikishakauka haina kazi tena. Funika udongo kwa kitambaa isidondokee mizizi, na baada ya saa moja suuza kwa maji safi. Usipulizie mti wenye kiu. Umwagilie asubuhi yake. Rudia baada ya siku 5, mara mbili au tatu, basi. Pale unapowaona mbawakawa au wale vidukari waliokauka, ruka tawi hilo.

Mwarobaini nao utaulizwa, maana upo kila uwanja Mombasa. Nguvu yake iko kwenye kokwa, si kwenye jani. Chukua kokwa zilizoanikwa kivulini, zitwange, tia gramu 50 katika lita 1 ya maji, ziloweke usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo ili dawa ishike. Ipulizie jioni hiyo hiyo, kwa kuwa jua huivunja upesi na mchanganyiko haufai kuwekwa. Haiui papo hapo. Humfanya mdudu asile na asiweze kujivua ngozi, kwa hiyo matokeo utayaona baada ya siku kadhaa. Maji ya majani ni dhaifu zaidi, lakini yana harufu na uchungu ule ule, na hayo yote hubaki kwenye petali. Usiyapulizie maua yaliyofunguka.

Yako mambo yanayoitwa ya asili ambayo nakukataza wazi. Maji ya tumbaku au ugoro ni sumu kali, hupita kwenye ngozi ya mikono yako, na nyumba yenye mtoto mdogo haifai kuwa nayo hata kidogo. Mafuta ya taa huchoma majani. Jivu halichomi, lakini udongo wetu wa matumbawe tayari una chokaa nyingi na mwaridi hupenda udongo wenye uchachu kidogo. Ukizidisha jivu majani yatageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, kwa kukosa madini ya chuma. Pareto ni zao letu la Kenya, na kweli huangusha vidukari kwa dakika chache, ila huua mbawakawa na nyigu vilevile, na vidukari hurudi kwanza. Makopo mengi ya dukani yanayofanana nayo yana pamethrini, ambayo kwa paka ni hatari kubwa. Kwa ajili ya paka wako, soma kopo kabla ya kununua.

Uliniandikia mti, hukuniandikia mbolea. Kama baada ya masika uliitia samadi mbichi ya kuku au mbolea ya chumvichumvi ya kukuzia, huenda hapo ndipo palipoanzia. Naitrojeni nyingi hutoa machipukizi marefu, laini, yaliyojaa maji, na vidukari huzaliana vizuri zaidi juu yake. Acha mbolea kwa mwezi mmoja, kisha tumia samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa, kiganja kimoja kwa chungu. Na ukinunua mwaridi mwingine kutoka vitalu vya barabarani, hasa uliotoka bara, uweke peke yake wiki mbili kabla ya kuusogeza karibu na hii.

Wakati nao uko upande wako. Kati ya mwezi wa sita na wa tisa, kipupwe kinapotulia na miti inachipua kwa mvua iliyopita, ndio msimu wao. Kaskazi ikishika na joto likipanda juu ya nyuzi 30, hupungua wenyewe. Hapo badala yao angalia utitiri mwekundu chini ya majani, nao pia huchukia kuoshwa kwa maji.

Kuhusu vikuba: mawaridi ya mti uliooshwa kwa maji matupu mama ayachume hata siku hiyo hiyo, asubuhi, akiyatikisa kwanza. Uliopulizia sabuni, suuza ungoje maua yatakayofunguka baadaye. Uliopulizia mwarobaini, acha maua yaliyopo yamalizikie mtini.

Na ikiwa wiki nne zimepita, sisimizi hawapandi, vidukari wamebaki wachache, lakini matumba bado yanafunguka yakiwa na kingo za kahawia au hayafunguki kabisa, chuma moja ulipigepige juu ya karatasi nyeupe. Wakidondoka vidudu vyembamba vya manjano au kahawia, vidogo kuliko punje ya mchele na vyepesi kukimbia, hao ni thripsi, ambao hujificha ndani ya petali pasipofikiwa na maji wala sabuni. Kata matumba yote yaliyoathirika, yafunge ndani ya mfuko uuache juani siku mbili kabla ya kuutupa, na utundike kipande cha plastiki ya buluu iliyopakwa grisi usawa wa maua, ili wanase humo.